Umevalishwa buti la mguu? Ishi nalo hivi, kuanzia chooni mpaka kwenye daladala

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nipo Dar, na haya mabuti nimewavalisha watu wengi sana ila niliyajua vizuri siku nilipovaa la kwangu. Niliteleza kwenye ngazi nyumbani, ukapasuka ule mfupa wa pembeni ya unyayo unaoelekea kidole kidogo, nikakaa kwenye buti wiki 6. Wiki ya kwanza tu nikaona kwamba yale maelezo tunayompa mgonjwa akiwa ameshashika mlango anataka kuondoka hayamsaidii, manake mguu unatibiwa hospitali ila maisha yapo huku, kwenye choo cha kuchuchumaa na mchanga na konda anayekuambia sogea nyuma. Kwahiyo nimeandika yote hapa, taratibu, soma hata kama aliyevaa ni mama yako au mtoto.

Buti ninalosema ni lile la plastiki gumu lenye sponji ndani na mikanda ya kunata, mengine yana na kipampu cha upepo. Watu huvalishwa wakitolewa hogo, lile plasta gumu la mfupa uliovunjika, au badala ya hogo kabisa. Soli yake imepinda chini kama kiti cha kubembea, na ni makusudi, ili mguu ubiringike kwenda mbele bila kukunja kifundo.

Hatua ya 1: Usitoke hospitali bila majibu matatu

Uliza: naruhusiwa kukanyaga, na kwa uzito gani? Naruhusiwa kulivua nikilala na nikioga? Nirudi lini? Yaandikwe kwenye daftari lako, usitegemee kichwa, siku hiyo una maumivu na hutakumbuka. Majibu ya jirani aliyewahi kuvaa hayakuhusu, kwa sababu yeye labda aliteguka tu na wewe umevunjika. Na kama wewe ni wa kano ya kisigino iliyokatika, ndani ya buti umewekewa kabari za kuinua kisigino, hizo zinatolewa moja moja kwa mpangilio wa daktari, usizitoe mwenyewe eti zinakusumbua, na wengi wa kundi hili wanalala nalo kabisa.

Hatua ya 2: Livae ukiwa umekaa, kisigino kwanza

Vaa soksi ndefu ya pamba, stokingi za shule zinafaa sana, nunua pea tatu, maana kwa joto letu hili utabadilisha asubuhi na jioni. Nyoosha mikunjo yote, mkunjo mmoja ukikaa chini ya mkanda siku nzima unatoa lengelenge. Kaa kwenye kiti, fungua buti lote, sukuma kisigino mpaka kiguse nyuma kabisa, funika sponji, afu ndo ufunge mikanda kuanzia ya vidoleni kupanda juu. Ukianzia juu unausukuma uvimbe wote ushuke vidoleni. Kama lina upepo, pampu mpaka lishike tu, likianza kubana au ganzi ikiingia punguza.

Ukimaliza minya ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka weupe utokee, achia, rangi irudi ndani ya kama sekunde 2. Ikichelewa legeza mikanda. Mwenye kisukari lazima kila jioni aangalie unyayo mzima, kama hawezi kuinama aombe mtu amuangalizie au aweke kioo chini, kwa sababu yeye kidonda kinaweza kuanza bila maumivu yoyote.

Hatua ya 3: Sawazisha urefu wa miguu, na hapa ndipo wengi wanapoumia

Naomba uisome hii mara mbili. Watu wananirudia wiki ya tatu, namuuliza mguu vipi, ananiambia mguu haujambo ila mgongo, ila nyonga ya upande wa pili, sijalala. Sababu ni kwamba soli ya buti ni nene, inakuinua upande mmoja, wewe mguu wa pili umevaa ndala iliyoisha, kwahiyo kutwa nzima unatembea kama mtu aliyeweka mguu mmoja kwenye ngazi. Mimi mwenyewe siku ya nne tu nilianza kusikia kiuno kinavuta.

Fanya hivi. Vaa buti, simama umeshika meza, kama umeruhusiwa kukanyaga. Mguu mzima uwe umevaa kiatu utakachokitumia. Mtu wa nyumbani asimame mbele yako aweke mikono yake juu ya mifupa ya nyonga zako, kulia na kushoto, ataona mkono mmoja upo juu. Sasa awe anaingiza madaftari chini ya mguu mzima, moja moja, mpaka mikono yake ikae sawa. Pima unene wa hayo madaftari kwa rula. Langu lilikuja sentimita 2 na nusu, lako linaweza kuwa tofauti.

Kipimo hicho mpelekee fundi viatu pamoja na raba ya mguu mzima, mwambie akubandikie soli ya ziada chini, nzima kuanzia kisigino mpaka vidoleni, asiinue kisigino peke yake. Aweke ile soli nyepesi ya sponji ngumu, asiweke ya tairi, ya tairi ni nzito na inateleza kwenye marumaru. Abandike kwa gundi na ashone, gundi peke yake inaachia. Nchi za wenzetu wanauza kitu maalumu cha kuvalisha juu ya kiatu kwa kazi hii, hapa sijakiona kwa urahisi, na fundi wa pale kwenye kona anaifanya vizuri tu.

Kama leo huna hela ya fundi, anza na raba yenye soli nene kuliko zote ulizonazo. Ndala na yeboyebo weka pembeni mpaka upone, kwanza zinavuka mguuni.

Hatua ya 4: Choo na kuoga

Choo cha kuchuchumaa na buti havipatani, buti halikunji kifundo kwahiyo utaanguka kinyumenyume. Tafuta kiti cha plastiki, kile cha kwenye sherehe, chenye miguu mizima, kata tundu katikati, laini makali kwa msasa au uzungushie kitambaa, kiweke juu ya tundu la choo. Kijaribishe kwanza na mtu mzito kuliko wewe. Pigilia na ubao au chuma ukutani cha kushika wakati wa kuinuka, kwa wapangaji ongea na mwenye nyumba mapema, wengi wanakubali ukiwaambia ni ya mwezi mmoja na nusu.

Kuoga, kama umeruhusiwa kulivua: kaa kwenye stuli, livue ukiwa umeshakaa, mguu upumzishe juu ya ndoo iliyopinduliwa, oga kwa kopo, kausha katikati ya vidole, vaa buti, ndo usimame. Usisimame hata sekunde moja bila buti kwenye sakafu yenye sabuni. Kama hujaruhusiwa kulivua, unalifunika. Zile rambo za zamani hazipo tena tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019, ila kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi wanauza nailoni nzito kwa mita, ile ya kutandika chini ya zege, chukua mita moja, zungushia, funga juu kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kibane kiasi na ukitoe ukimaliza kuoga tu. Hata hivyo mguu utoe nje ya maji, nailoni haiaminiki.

Hatua ya 5: Gongo na ngazi

Ukiwa na gongo moja lishike mkono wa upande wa mguu MZIMA, sio wa mgonjwa. Najua akili inakwambia vingine, karibu kila mtu analishika upande wa mguu mgonjwa. Gongo na buti vinaenda mbele pamoja, afu mguu mzima unafuata. Kupanda ngazi anza na mguu mzima, kushuka anza na buti. Kunja mazulia yote na vile vitambaa vya mlangoni.

Hatua ya 6: Njiani

Bodaboda hapana. Hata kama ni karibu, hata kama dereva unamjua. Bajaji ndo usafiri wako: geuka uipe mgongo, kalisha makalio kwanza, afu ingiza miguu, na mwambie dereva asiondoke mpaka uwe umeegemea. Daladala epuka saa za watu wengi, toka saa 4 asubuhi rudi kabla ya saa 10 jioni kama kazi inaruhusu. Konda mwambie kabla gari halijasimama vizuri, "kaka nina mguu, naomba siti ya mbele", na nimeshuhudia mara nyingi abiria wenyewe ndo wanapaza sauti, "mpishe dada, hamuoni mguu?" Kubali kupishwa, usione aibu ukasema nimezoea kusimama. Mwendokasi ina unafuu kwa vile jukwaa la kituo lipo usawa wa mlango wa basi, hakuna kupanda ngazi, shida ni msongamano tu.

Kuendesha gari na buti mguu wa kulia usifanye, breki huisikii. Wa kushoto kwenye gari ya otomatiki muulize daktari wako kwanza.

Mvua ikinyesha, nailoni yako ile ile, ila chini inateleza kwahiyo fungia kitambaa kigumu juu yake. Mchanga ukiingia ndani usiuache mpaka jioni, kaa mahali, fungua, kung'uta, kama umeruhusiwa kulivua. Mguu ukiwasha ndani usiingize spoku wala rula, gonga buti kwa nje au lipepee.

Nguo: kina mama dera na sketi zinamaliza tatizo, kina baba bukta, na suruali moja ya ofisini mpe fundi cherehani afumue mshono wa pembeni aweke zipu. Jikoni kaa, pika umekaa, na vitu bebea kwenye begi la mgongoni ili mikono ibaki na gongo, chai iwe kwenye chupa, usibebe kikombe.

Hatua ya 7: Uvimbe, usiku, na dalili za kukimbilia hospitali

Jioni mguu utavimba, hilo lipo. Lala chali, panga mito mpaka mguu uwe juu ya usawa wa kifua, dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Kuuning'iniza kwenye kochi ukiangalia tamthilia sio kuuinua. Kama unalala na buti lifunge kanga safi, vinginevyo mikanda inachana neti.

Sasa hii sio ya kusubiri kesho: shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, limevimba ghafla, linauma, lina moto, au umeanza kubanwa pumzi na kifua. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Nenda hospitali muda huo huo, na USICHUE. Najua bibi ana mafuta yake na nia yake ni njema, ila damu iliyoganda ikichuliwa inaweza kutoka ikaenda kwenye mapafu na mtu akafa. Mwambie bibi kwa heshima, "bibi, daktari amekataza kuchua", atakuelewa. Vidole kuwa vya baridi, kufa ganzi, au harufu mbaya kutoka ndani ya buti, navyo ni safari ya siku hiyo hiyo.

Sponji ifue kwa mkono na sabuni ya kawaida kila wiki, ianike kivulini. Mtu anayelala na buti asilivue kwa ajili ya kufua mpaka aelekezwe.

Hatua ya 8: Kuachana nalo

Ukiambiwa sasa basi, usilitupe siku hiyo. Siku za kwanza tembea na raba ndani ya nyumba saa moja au mbili, ukitoka vaa buti, ongeza kidogo kidogo. Kifundo kitakuwa kigumu na shavu la mguu limekonda, ni kawaida, ndo sababu tunakupa mazoezi. Na ile raba yenye soli ya ziada ipeleke kwa fundi aibandue wiki hiyo hiyo, manake buti likitoka yenyewe ndo inakuwa inakupinda, safari hii kwa upande wa pili.