Namna ya Kuongoza Ziara ya Asubuhi ya Baiskeli katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mji Mkongwe ni mdogo. Eneo lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 halifiki hata kilomita moja ya mraba, na mtu mwenye miguu mizima hulikata kutoka Malindi hadi Vuga bila ya kutoka jasho jingi. Kwa hiyo anayetaka kuwatembeza wageni hapa kwa baiskeli hana budi kujiuliza kwanza baiskeli hiyo ina kazi gani. Mimi nimefikia uamuzi kwamba baiskeli inafaa kwa kuuzunguka mji na kuvuka kwenda Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilhali vichochoro vya ndani ni vya miguu. Kiongozi anayejua mahali pa kuwashusha wageni wake ameshaimaliza nusu ya kazi.

Anayetembeza wageni kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na jambo hilo litangulie yote. Baiskeli zikaguliwe jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu fundi wa kuziba pancha haonekani alfajiri: breki zote mbili, upepo wa tairi, mnyororo, kengele, na siti, ambayo ipandishwe au ishushwe kwa kimo cha kila mgeni kabla hajaondoka. Kikundi kisizidi watu wanane. Kiongozi mmoja atangulie na mwenzake afunge msafara nyuma akiwa na pampu, tiubu ya akiba na maji ya kunywa. Wageni waelezwe mapema, tena bila ya kuona haya, kwamba mabega na magoti yafunikwe, kwa kuwa watapita mbele ya misikiti na nyumba za watu, na kwamba hapa magari hupita upande wa kushoto.

Muda mzuri wa kuanza ni saa 12:30 asubuhi, katika bustani ya Forodhani. Majumba ya ufukweni yanaelekea magharibi, hivyo saa hiyo jua linachomoza nyuma yake na barabara yote ina kivuli. Mpiga picha anayetaka kuziona kuta hizo ziking'aa aambiwe arudi jioni. Katika masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, ziara ipangwe kwa tahadhari, maana mvua ikinyesha mawe ya vichochoroni huteleza na maji hutuama. Katika mwezi wa Ramadhani ziara inaweza kuendelea, ila wageni wasile wala wasinywe hadharani, na maji yao wayanywe ndani ya jengo ambalo mwenyeji amewaruhusu.

Hapo Forodhani maelezo yawe mafupi, isipokuwa kwa jambo moja. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Karibu yake ndipo lilipo Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883. Watembezaji wengi hapa husimulia taa za umeme na lifti, kisha wakaondoka. Mimi napendelea kusimulia siku ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka, kwa sababu kisa hicho ndicho kinachofungua mlango wa kueleza nyumba zote za mji huu zilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haiongezwi, na ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu lakini vyembamba. Paa likivuja na lisitengenezwe, maji huingia ukutani, chokaa ikalegea na vichwa vya boriti vikaoza, na nyumba ikafa polepole machoni pa wenyewe. Mgeni akishalielewa hilo, kila ukuta uliotoka plasta utakaopitwa asubuhi hiyo atausoma mwenyewe, nawe utapumzisha sauti.

Kutoka hapo fuateni barabara ya Mizingani kwa mstari mmoja, bahari ikiwa kushoto kwenu. Jumba la kifalme linatosha kusimama dakika chache, kwa kutaja mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Mbele kidogo ni Mtini, mti mkubwa ambao kivuli chake kinajulikana na kila mtu wa bandarini, kisha zahanati ya zamani ya Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi, yenye roshani za mbao zilizochongwa. Mkikaribia bandari, shukeni. Malori na mikokoteni ya mahamali haimngojei mtu anayetazama roshani. Kokoteni baiskeli hadi Malindi, wavuvi wanaposhusha samaki, na mkiweza pitieni Msikiti wa Mnara, ambao mnara wake umechongoka kama pia, umbo lisiloonekana mara nyingi katika pwani yetu. Utazameni kwa nje.

Darajani ni sehemu ya kushuka tena, safari hii kwa sababu ya daladala. Soko lilifunguliwa mwaka 1904, lakini jina la mahali ni la zamani zaidi kuliko soko, na linahitaji kuelezwa hapo hapo barabarani. Palikuwa na daraja kwa sababu palikuwa na mkono wa bahari, uliojaa maji yakijaa na kukauka yakitoka, ukiutenga mji wa mawe na upande wa pili. Upande huo wa pili ndio ulioitwa Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa katika karne ya 20, lakini jina halikufukiwa. Hapa ndipo baiskeli inapolipa gharama yake, kwa sababu mtembezaji wa miguu huwarudisha watu vichochoroni, nawe unaweza kuwavusha hadi Michenzani, kwenye majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, katika mpango wa Mzee Abeid Amani Karume wa kuwapatia wananchi makazi mapya. Ziara isiyovuka barabara hii inamwacha mgeni akidhani kwamba Zanzibar ilijengwa na masultani peke yao.

Mkirudi, ingieni Mkunazini, na hapo msiharakishe. Baiskeli zifungwe nje ya uwanja wa kanisa. Mnada wa watumwa ulikuwa mahali hapa hadi mwaka 1873, Seyyid Barghash alipoufunga kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka huo huo ujenzi wa kanisa la Kianglikana ukaanza chini ya Askofu Edward Steere, ambaye pia alitunga mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili. Nje kuna sanamu za watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingoni wakiwa na minyororo, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Eleza kabla ya kufika penye sanamu hizo, kisha nyamaza. Mzaha wa njiani usiingie hapa.

Kutoka Mkunazini pandeni tena hadi Mnazi Mmoja, mpite Beit el-Amani, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1925, kisha Vuga na kuteremkia Shangani. Njia hii ni pana na miti yake ni mizuri, wacheni wageni waendeshe bila ya maelezo.

Vichochoro viwe vya mwisho, wakati watoto wameshaingia madarasani na akina mama wamerudi kutoka sokoni. Acheni baiskeli Shangani kwa mlinzi mliyekubaliana naye, kisha mwingie Sokomuhogo kwa miguu. Wakati mmoja nilimruhusu mgeni aendeshe huko kwa kuwa alijiona hodari, akakutana konani na Vespa iliyobeba mkate. Hakuumia mtu, lakini mkate niliulipa mimi. Hapa waonyeshwe milango, ule wa tao na ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka. Waambie kwamba vyuma vilivyochongoka milangoni ni mtindo uliotoka Bara Hindi, wala usiwahadithie kwamba viliwekwa kuwazuia tembo wa Unguja, maana tembo hao hawakuwapo.

Barazani wazee hutangulizwa salamu kabla ya picha. Sema "Asalaam aleikum", ngoja ujibiwe, wasalimie wakubwa kwa shikamoo, kisha omba ruhusa, na ukikataliwa shukuru upite. Kama muuza kahawa yupo, agizeni kahawa na kashata, na malipo yafanywe na kiongozi kwa bei iliyokubaliwa kabla vikombe havijamiminwa.

Inapofika saa 4 jua limeshakuwa kali, na ziara iwe imekwisha. Wageni wakishaagana nanyi, hesabu baiskeli na kofia, kisha kila baiskeli ifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji ya bomba na mnyororo utiwe mafuta siku hiyo hiyo, kwa sababu upepo wa chumvi wa Mizingani hula chuma usiku mmoja tu.