Jinsi ya kupima ukali wa lenzi ya sinema ya bei nafuu ikiwa wazi kabisa

Lenzi ya sinema ya bei nafuu, iwe ni Meike, Sirui au Samyang, hununuliwa kwa ajili ya namba moja iliyochorwa ubavuni: T2.1, T1.5, hata T1.2. Kadiri namba hii ya T ilivyo ndogo, ndivyo tundu la lenzi linavyofunguka na kupitisha mwanga mwingi. Hiyo ndiyo namba inayokuruhusu kurekodi ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) jioni, taa za hema zikiwa hafifu, bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi picha ijae chembe. Ukizifunga hadi T5.6, lenzi hizi karibu zote hutoa picha safi. Tofauti hujitokeza zikiwa wazi, na hapo ndipo kosa dogo la mpimaji hufanana kabisa na kosa la lenzi.

Chukua milimita 50 ikiwa T2.1, kwenye kamera ya Super 35 (kihisi chake, kile kinachopokea picha, kina ukubwa wa fremu ya filamu ya sinema), mita 2 kutoka ukutani. Fremu inabeba upana wa sentimita 94 hivi, na katika video ya 4K kila pikseli ni kama robo ya milimita ukutani. Eneo lililo kali kikweli ni kama sentimita 4 tu: mbili mbele, mbili nyuma. Kamera ikikosa kuukabili ukuta kwa digrii 3 tu, ukingo wa fremu unatoka nje ya eneo hilo kwa sababu umesogea sentimita 2 na nusu. Utaona upande mmoja umefifia na utailaumu lenzi bure. Ndiyo maana kazi nyingi hapa ni ya maandalizi.

Huhitaji ubao wa kipimo wa bei ghali. Nunua Taifa Leo, chagua kurasa zenye maandishi madogo mengi, zibandike kwenye ubao ulionyooka hadi zijaze fremu nzima. Paka gundi kote, si selotepu kwenye kona pekee, maana karatasi ikifura katikati imeshakuharibia kipimo. Kila kona ya fremu iwe na maandishi ya ukubwa uleule na yale ya katikati, la sivyo utalinganisha vitu viwili tofauti.

Sasa inyooshe kamera. Weka kioo kidogo cha kujitazamia, kilicho bapa na kisicho na fremu, kigusane na ubao pale katikati. Sogeza fokasi hadi mita 4, kwa sababu taswira ya kamera ndani ya kioo iko mbali mara mbili. Geuza kichwa cha tripodi mpaka lenzi ijione yenyewe katikati kabisa ya fremu. Hapo kamera na ubao vimekabiliana sawasawa. Futi na jicho havifikishi usahihi huu.

Lenzi hizi ni za chuma na baadhi hukaribia kilo moja. Zikining'inia kwenye kamera ndogo huinamisha kidogo kitako, pale lenzi inaposhikana na kamera, na kidogo hicho kinatosha kufifisha ukingo wa juu au wa chini. Tumia vyuma vya milimita 15 na kishikio cha lenzi, ila kishikio kiiguse tu, kisiisukume juu. Zima kitulizi cha kihisi cha kamera. Ukiwa kwenye ghorofa karibu na Thika Road au Jogoo Road, ngoja lori lipite. Mtikiso wa sakafu huonekana wazi kwa ukubwa huu.

Kwenye kamera, shusha ukali wa kidijitali hadi mwisho na uzime upunguzaji wa chembe kama inawezekana. Rekodi kwa kiwango cha juu kabisa cha data. ISO iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ondoa filta zote, hasa ND (filta ya kupunguza mwanga) ya kuzungusha ya bei ya chini, kwani hiyo peke yake huweza kulegeza picha kuliko lenzi yenyewe. Tumia mwanga wa dirisha usio na jua la moja kwa moja, kisha sawazisha kwa kasi ya shata: T2.1 kwa 1/200, T2.8 kwa 1/100, T4 kwa 1/50. Haitalingana barabara, lakini inatosha. Ukilazimika kutumia taa za umeme, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50. Baki kwenye 1/50 au 1/100 na upunguze taa badala ya kubadilisha shata.

Pete ya T huzunguka bila kunasa kwenye kila namba, kwa hiyo ifikishe alama kila mara ukitokea upande uleule.

Usijaribu kupata fokasi mara moja kisha ukaamini. Bonyeza kurekodi, anza fokasi ikiwa mbele kidogo ya ubao, kisha ipitishe polepole hadi nyuma yake kwa sekunde 10. Baadaye utachagua fremu iliyo kali kuliko zote. Njia hii huondoa kabisa swali la kama ulikosea kwa mkono. Zile rangi za kuonyesha fokasi kwenye skrini zisikudanganye. Lenzi ikiwa wazi, huwaka hata fokasi ikiwa imepotea kidogo.

Fungua video kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure linatosha, na uikuze hadi asilimia 100. Tafuta herufi ndogo "e" katikati ya fremu. Kijitundu chake kiko wazi, au kimejaa wino wa kijivu? Kando ya wino mweusi, kuna ukungu mweupe uliotandaa juu ya herufi? Kijitundu kikionekana chini ya ukungu, maelezo yapo ila miale ya pembeni ya lenzi haikutani mahali pamoja na ile ya katikati; ukifunga hadi T2.8 ukungu huo hupungua sana. Kijitundu kisipoonekana hata T4, tatizo ni kubwa zaidi.

Kisha nenda kwenye kona. Hapa watu wengi hukosea. Chagua fremu ambayo katikati ni kali, halafu angalia fremu za baadaye au za kabla, fokasi ilipokuwa ikisogea. Kona zote nne zikinoa pamoja wakati katikati inafifia, lenzi inapinda uwanja wake wa fokasi. Kwa mahojiano hilo halina madhara. Kona moja tu ikikataa kunoa, geuza kamera juu chini na urudie. Ufifiaji ukibaki kona ileile ya fremu, kipande cha kioo ndani ya lenzi hakijakaa sawa, au kitako au adapta imeinama. Ukihamia kona ya upande wa pili, rudi kwenye kioo chako: ubao ndio ulioinama.

Sasa pima kama fokasi huhama lenzi inapofungwa. Laza rula mbele ya lenzi kwa digrii 45, lenga alama ya sentimita 15 ikiwa T2.1, kisha funga hadi T4 bila kugusa fokasi. Alama iliyo kali zaidi ikirudi nyuma, ni lazima ulenge upya kila unapobadilisha T. Hapo hapo utaona rangi pia: zambarau mbele ya fokasi, kijani nyuma yake.

Kama unatumia adapta, pima kama lenzi inafikisha fokasi mbali kabisa. Kutoka kitako cha EF (cha Canon) kwenda Sony E adapta iwe milimita 26 kamili, yaani 44 toa 18, ambazo ni umbali wa kila kitako hadi kwenye kihisi. Ikizidi unene kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, lenzi ya 50 inayosimama kwenye alama ya mwisho haifiki mbali zaidi ya mita 25, na ya 24 huishia karibu mita 6. Ukiwa Upper Hill, Nairobi, lenga kingo za jengo refu la KICC kabla ya saa mbili asubuhi. Baadaye joto la mabati na lami huitikisa hewa, na hakuna lenzi itakayopita mtihani huo.

Mwisho mketishe mtu karibu na dirisha, nywele nyeusi, ngozi nyeusi, mwanga ukitoka nyuma yake. Ukope mmoja mmoja uonekane. Weusi wa nywele ukigeuka kijivu, ule ukungu wa gazetini umefika usoni, na kwa kazi ya harusi mimi ningeihesabu lenzi hiyo kuwa ya T2.8.

Dukani, Moi Avenue au Luthuli, hutapewa muda wa haya yote. Nenda na kamera yako, adapta yako na kadi yako. Egemeza kamera kwenye kaunta, fungua lenzi kabisa, lenga bango la ng'ambo ya barabara likiwa katikati, halafu lipeleke kona nne bila kugusa fokasi. Kona moja ikitofautiana na zile tatu, omba nyingine ya aina ileile na uijaribu hapo hapo, kabla risiti haijaandikwa.