Kuchagua na Kuandaa Baiskeli ya Shughuli za Kila Siku Mjini Tanga

Anayetafuta baiskeli ya kwendea kazini na sokoni mjini Tanga hana budi kwanza kujiuliza atabeba nini, atapita njia gani, na fundi wa karibu na nyumbani kwake ana vipuri vya aina ipi. Nayatanguliza maswali haya mbele ya rangi na idadi ya gia kwa sababu mji wetu ni tambarare. Kutoka Ngamiani hadi Raskazone, au kutoka Makorora hadi soko la Mgandini, hakuna mlima unaodai gia 21, ilhali kila gia inayoongezwa huleta waya na springi za kuliwa na chumvi ya hewa ya bahari.

Kwa mizigo mizito, kama gunia la mkaa au kreti za soda, baiskeli nyeusi ya mtindo wa Phoenix bado haijapata mpinzani, kwani fremu yake ni ya chuma kinene, keria yake ni pana, na vipuri vyake vinajulikana na kila fundi. Udhaifu wake ni breki: zile zinazovutwa kwa fito hubana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa mvua hushika kwa shida, hivyo siku za masika mwendeshaji aanze kufunga breki mapema zaidi kuliko alivyozoea.

Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi na kapu la mboga, mimi humshauri achukue baiskeli iliyotumika kutoka Japani, ile yenye fremu iliyoinama katikati na kikapu mbele. Breki yake ya nyuma kwa kawaida imo ndani ya kifuniko kwenye kitovu cha gurudumu, hivyo haisumbuliwi sana na maji. Nyingi zina kava la cheni, jambo ambalo wauzaji hulipuuza lakini mwenye kuvaa baibui, kanga au kanzu analijua thamani yake; kava likiwa limeng'olewa, ninashauri mtu adai lingine kabla ya kulipa. Baiskeli za milimani zenye springi mbele sizipendekezi kwa kazi hii, kwa kuwa springi hunyonya nguvu za miguu na nyingi hazina mahali pa kufungia keria wala madigadi.

Kabla ya kutoa fedha, baiskeli igeuzwe juu chini. Zungusha kila gurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na raba ya breki: nafasi ikipanuka na kupungua, gurudumu limepinda, na ikiwa spoki kadhaa zimelegea, bei haina budi kushuka. Shika mikono ya pedali uitikise upande kwa upande. Ikicheza, gololi za ndani zimekwisha au zimelegea. Kisha pima cheni kwa rula. Cheni mpya ina urefu wa inchi 12 kamili kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, imechakaa, na ikiachwa itayala meno ya gia.

Jambo linalowagharimu wengi ni namba ya tairi. Tairi la baiskeli ya Kijapani na la baiskeli ya milimani yote mawili huitwa namba 26, lakini hayaingiliani hata kidogo. La kwanza mara nyingi huandikwa 37-590 ubavuni, na la pili huishia na 559. Namba hiyo ya mwisho ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Inakili namba hiyo na uende nayo dukani. Angalia pia valvu, kwani baiskeli nyeusi na za Kijapani zina valvu yenye kimpira chembamba ndani, na kimpira hicho kikioza upepo hutoka polepole, mtu akadhani ana pancha.

Baada ya kununua, anza na kiti. Wauzaji hukishusha chini kabisa, na kukiacha hivyo ndiko kunakoumiza magoti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Utakapoendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Usipandishe nguzo ya kiti kupita alama iliyochorwa juu yake, kwa sababu inaweza kuvunja fremu.

Mzigo mzito ukae kwenye keria, si kwenye kikapu cha mbele, ambacho huvuta usukani. Keria nyingi za Kijapani zimegongwa chapa ya uzito zinaoustahimili, mara nyingi kilo 18 au 25. Dumu la maji la lita 20 limekwisha kuipita ile ya kwanza. Fungia kwa vipande vya tyubu chakavu, na uhakikishe ncha hazining'inii karibu na spoki.

Cheni ifutwe kila wiki na kutiwa mafuta ya cherehani, tone moja kwa kila kiungo, kisha mafuta yaliyozidi yafutwe ili vumbi lisigande. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwani hugeuka gundi. Kwa mwendo wa jioni funga taa nyekundu nyuma, chini ya kiti, mahali ambapo mzigo wa keria hautaifunika. Wiki ya kwanza ikiisha, zungukia nati zote kwa spana, hasa za magurudumu, usukani na keria, na ukikaza pedali ya kushoto kumbuka kwamba yenyewe hukazwa kinyume na mwendo wa saa.