Jinsi ya Kufundisha Mada ya Misimamo Mikali ya Kidini na Uhuru wa Maoni katika Darasa la Imani Nyingi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa uraia, historia au maadili katika shule ya umma ambayo wanafunzi wake hawasali mahali pamoja, na wengine hawasali kabisa. Mada ya misimamo mikali ya kidini inapofika kwenye mtaala, walimu wengi huipitia juu juu au huiruka, wakiamini kwamba ukimya ndio usalama. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu kijana asiyeisikia mada hii kwa mwalimu wake ataisikia kwenye simu, kwa mtu asiyependa kuulizwa maswali. Hata hivyo ujasiri peke yake hautoshi. Somo hili hufaulu au huharibika kwa yale yanayofanywa kabla ya kengele kulia na baada ya kipindi kwisha, kuliko kwa ufasaha wa mwalimu ubaoni.

Ijue kwanza sheria ya shule yako

Elimu isiyofungamana na dini haina sura moja duniani. Ufaransa iliondoa mafundisho ya dini katika shule za msingi za umma kwa sheria za waziri wake wa elimu, Jules Ferry, za mwaka 1881 na 1882, ikatenganisha kanisa na dola mwaka 1905, na tangu sheria ya Machi 2004 wanafunzi wa shule za umma hawaruhusiwi kuvaa alama zinazoonyesha dini yao waziwazi. Marekani nayo hairuhusu mwalimu wa shule ya umma kuongoza sala, lakini mwanafunzi anaweza kuingia darasani na hijabu, msalaba au kilemba chake bila kuulizwa. Ujerumani imekwenda njia ya tatu: katiba yake ya mwaka 1949 inalitambua somo la dini kuwa somo la kawaida katika shule nyingi za umma. Kwa hiyo, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa andalio la somo, soma katiba ya nchi yako, sheria ya elimu na nyaraka za wizara kuhusu dini shuleni, kwa kuwa mfano uliosifiwa kwingine unaweza kuwa kosa la kinidhamu hapo ulipo.

Mipaka yote hiyo inakutana mahali pamoja, nako ni kwenye tofauti kati ya kufundisha dini na kufundisha kuhusu dini. Mwaka 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma unakiuka Katiba, lakini ikaeleza pia kwamba kuisoma Biblia au kuzichunguza dini kama sehemu ya elimu ya kawaida hakuna ubaya. Katika ulimi wa mwalimu tofauti hiyo ni ndogo lakini inasikika. Usiseme, “Mungu anataka hivi.” Sema, “Waumini wengi wa dini hii wanaamini kwamba Mungu anataka hivi.” Kanuni hiyohiyo inamfunga mwalimu asiye na dini, ambaye naye hana mamlaka ya kuwaambia watoto wa watu kwamba wanayoyaamini ni ngano.

Wafundishe kupima maneno kabla ya kuyahukumu

Wanafunzi wengi huja na moja kati ya imani mbili: kwamba uhuru wa maoni ni ruhusa ya kusema lolote, au kwamba neno lolote linaloumiza imani ya mtu ni uhalifu. Zote mbili si sahihi, na hapa ndipo ningeshauri utumie vipindi vingi zaidi kuliko mahali pengine popote.

Anza na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao vifungu vyake vitatu vinavyofuatana vinatosha kuijenga mada yote. Kifungu cha 18 kinalinda uhuru wa dini, ukiwamo uhuru wa kuwa na dini unayoichagua mwenyewe. Kifungu cha 19 kinalinda uhuru wa kujieleza. Kifungu cha 20 kinazitaka nchi zipige marufuku uenezaji wa chuki ya kitaifa, kimbari au kidini unaofikia kuchochea ubaguzi, uhasama au ukatili. Waombe wanafunzi wavisome kwa mfuatano kisha waseme ni nini kinacholindwa. Wasomaji makini wataona kwamba anayelindwa ni mtu, awe muumini au asiye muumini, wala si fundisho lenyewe dhidi ya kuhojiwa.

Kisha wape vigezo sita vya Mpango wa Utekelezaji wa Rabat, uliopitishwa mwaka 2012 baada ya mikutano ya wataalamu iliyoitishwa chini ya Umoja wa Mataifa. Ili kujua kama maneno yamefikia uchochezi, tunatazama mazingira yalikosemewa, msemaji na hadhi yake, kusudio lake, maudhui na namna yalivyosemwa, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea kweli. Chukua sentensi moja, kwa mfano, “Watu wa dini ile wametuzidi hapa.” Iweke kwanza kinywani mwa mzee anayenung’unika nyumbani kwake, kisha kinywani mwa mhubiri mwenye kipaza sauti mbele ya umati wenye hasira uliosimama nje ya nyumba ya ibada ya hao anaowasema. Maneno hayakubadilika hata herufi moja, lakini wanafunzi wenyewe watakwambia kwamba jambo limebadilika, na vigezo sita vitawasaidia kueleza kwa nini.

Wakiwa tayari, ongeza ugumu. Katika kesi ya Handyside dhidi ya Uingereza ya mwaka 1976, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba uhuru wa kujieleza unahusu hata mawazo yanayoudhi, kushtua au kusumbua, ilhali katika shauri hilohilo ilikubali kwamba kitabu kilichobishaniwa kingeweza kuzuiwa. Wanafunzi wakiuliza inawezekanaje, somo limeanza kukolea. Waonyeshe vilevile kwamba nchi hazikubaliani kuhusu kufuru: England na Wales zilifuta kosa hilo mwaka 2008, wananchi wa Ireland waliliondoa katika katiba yao kwa kura ya maoni ya mwaka 2018, na nchi nyingine bado zinaliadhibu, baadhi kwa kifo.

Chagua mifano isiyomgeuza mwanafunzi mmoja kuwa mshtakiwa

Mwalimu akitaja dini moja tu kila anapotaka mfano wa ukatili, waumini wa dini hiyo wataacha kusikiliza na kuanza kujitetea, na wasio waumini wake watajifunza dharau. Mohandas Gandhi aliuawa Januari 1948 na Mhindu mwenzake aliyemwona kuwa amewapendelea mno Waislamu. Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, aliuawa Novemba 1995 na Myahudi mwenzake aliyepinga mapatano na Wapalestina. Salmaan Taseer, gavana wa jimbo la Punjab nchini Pakistani, aliuawa Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe, Mwislamu kama yeye, baada ya kuikosoa sheria ya kufuru na kumtetea mwanamke Mkristo aliyehukumiwa kifo. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400 waliohusishwa na kundi la Kikristo ambalo wafuasi wake waliambiwa wafunge hadi kufa.

Nimeipanga mifano hii makusudi, kwa sababu katika yote wahanga walitoka katika dini ileile ya waliowaangamiza. Mwenye msimamo mkali mara nyingi huanza na mwenzake anayemwona kuwa vuguvugu au msaliti. Jambo hilo likieleweka, mwanafunzi hahitaji tena kuchagua kati ya dini yake na darasa lake.

Usimwombe mwanafunzi kamwe aisemee dini yake yote. Swali “Wewe Mwislamu, mnasemaje kuhusu hili?” linampa mtoto wa miaka 15 mzigo ambao wanazuoni wenyewe wanabishana kuubeba.

Andaa njia kabla ya kuingia

Andalio la somo hili liandikwe kwa ukamilifu, likionyesha lengo, maswali, vielelezo na sababu ya kila kielelezo, kisha lisomwe na kutiwa sahihi na mkuu wa shule. Wazazi wapewe taarifa fupi mapema inayotaja mada na lengo lake. Wasiombwe ruhusa ya kila neno, ila wajue mada imetoka kwenye mtaala na wamjue mtu wa kumuuliza.

Uzito wa hatua hii unaonekana katika mkasa wa Samuel Paty, mwalimu wa historia aliyeuawa tarehe 16 Oktoba 2020 karibu na shule yake ya Conflans-Sainte-Honorine, Ufaransa, baada ya kuonyesha vibonzo vya Mtume Muhammad vya gazeti la kejeli la Charlie Hebdo katika somo la uhuru wa kujieleza. Alikuwa amewaruhusu wanafunzi ambao wangeudhika wasitazame. Uvumi uliosambazwa mitandaoni dhidi yake ulitokana na maelezo ya mwanafunzi ambaye hakuwamo darasani wakati wa kipindi hicho. Lawama ya mauaji ni ya muuaji na waliomchochea, na atakayesema mwalimu alijitakia anawapa wauaji mamlaka ya kupanga mtaala. Ila shule zina la kujifunza hapo kuhusu kasi ya uvumi: taarifa potofu ikianza kuzunguka, uongozi wa shule utoe maelezo siku hiyohiyo, kwa sauti moja, wala usimwache mwalimu ajitetee peke yake.

Kuhusu picha yenye utata, jiulize kama lengo la somo linaweza kufikiwa kwa kuieleza kwa maneno. Likiwezekana, mimi ningeieleza tu, kwa kuwa wanafunzi watajadili haki ya kuchora na haki ya kuudhika bila mjadala kumezwa na picha yenyewe. Mwalimu mwingine mwenye sababu za kielimu anaweza kuamua tofauti, na mahali sheria inapomruhusu anastahili kulindwa.

Kuongoza mjadala wenyewe

Mwaka 1883 Jules Ferry aliwaandikia walimu wa Ufaransa akiwashauri kwamba, kabla ya kusema jambo, wajiulize kama yupo baba mmoja tu wa familia ambaye angelikataa kwa nia njema, na kama yupo wanyamaze. Ni ushauri mwema kwa anayefundisha watoto wadogo adabu, lakini ukiutumia katika mada hii hutakuwa na la kusema. Yanafaa zaidi makubaliano ya Beutelsbach, ya waelimishaji wa siasa wa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1976: mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kuyapokea maoni yake, jambo lenye ubishi miongoni mwa wataalamu na wanasiasa lionyeshwe darasani kuwa lina ubishi, na mwanafunzi asaidiwe kuichambua hali yake mwenyewe na kujua anavyoweza kuishawishi. Angalia kwamba kanuni ya pili haigeuzi kila kitu kuwa mdahalo. Kama sheria ya kufuru ifutwe au ibaki ni swali la mjadala. Kama ni halali kumuua mchoraji si swali la mjadala, na mwalimu aseme hivyo bila kupepesa macho.

Siku moja mwanafunzi atasimama aseme kwamba anayeikashifu dini yake anastahili kufa. Usimfokee, wala usimpeleke ofisini papo hapo. Mwulize anastahili kwa hukumu ya nani, na nani atekeleze, na kama jirani wa dini nyingine naye apewe haki hiyohiyo pale atakapoona imani yake imekashifiwa. Kisha mwonyeshe nafasi aliyonayo: anaweza kuendelea kuamini kwamba kufuru ni dhambi kubwa, anaweza kuikosoa, kuisusia na kuandika dhidi yake, na bado akakubali kwamba si kazi ya mtu binafsi kumwaga damu. Vijana wengi hawajawahi kuambiwa kwamba nafasi hiyo ipo. Na anayecheka imani za wenzake ahojiwe kwa ukali uleule, kwa kuwa haki ya kukosoa fundisho haimpi ruhusa ya kumdhalilisha aliyeketi dawati la pili.

Mzazi akiomba mtoto wake asishiriki, msikilize na umweleze kwamba somo halimtaki mtoto akiri imani yoyote. Tofautisha ombi la kutoshiriki ibada, ambalo shule ya umma haina budi kuliheshimu, na ombi la kutosikia kwamba watu wengine wana imani nyingine, ambalo haiwezi kulikubali bila kuacha kazi yake.

Usichanganye ucha Mungu na hatari

Mwanafunzi aliyeanza kufuga ndevu, kujitanda ushungi, kufunga mara kwa mara au kukataa muziki hajatoa dalili ya ukatili. Uingereza ilipozipa shule wajibu wa kisheria wa kuzuia itikadi kali mwaka 2015, wakosoaji walilalamika kwamba baadhi ya wanafunzi Waislamu walianza kuogopa kusema wanachofikiri darasani, na hofu hiyo inalihujumu somo lenyewe. Cha kuangalia ni mwanafunzi anayesifu mauaji ya watu mahususi, anayeanza kuwaita wenzake wote makafiri au mawakala wa shetani na kujitenga nao, mwenye mawasiliano ya siri na mtu mzima anayempa fedha au kumwahidi safari, au anayeaga kwa namna isiyoeleweka. Zungumza naye kwanza wewe au mwalimu mshauri, faraghani na bila mashahidi wengi. Pakiwa na mpango wa kudhuru mtu, mjulishe mkuu wa shule siku hiyohiyo ili vyombo vya usalama vihusishwe, wala usifanye upelelezi wewe.

Kipindi kikiisha, andika muhtasari kabla hujatoka shuleni: mada, vielelezo, maswali yaliyoulizwa na majibu uliyotoa, pamoja na lolote lililokwenda kombo. Nakala moja iende kwa mkuu wa shule. Wanafunzi waliotoka na hasira uwafuate kesho yake mmoja mmoja, na maswali uliyoshindwa kuyajibu uyafungulie kipindi kinachofuata.