Kugawa zoni za joto kwenye modeli ya jengo: ofisi ya Tabora

Modeli yangu ya kwanza ya ofisi hapa Tabora, yaani jengo lililoigwa kwenye kompyuta ili kukadiria joto lake, niliiwekea zoni moja (eneo ambalo programu hulihesabu kuwa na joto moja) kwa ghorofa nzima. Ikatoa joto la wastani lisilo na tatizo. Oktoba nikaenda jengoni saa tisa alasiri: mhasibu wa upande wa magharibi amebandika maboksi kwenye kioo na kusogeza meza hadi mlangoni, huku wenzake wa mashariki wamezima AC. Wastani ulikuwa umemficha yule mhasibu. Ndiyo maana siku hizi zoni ndizo naanza nazo.

Hatua ya 1: Gawa zoni

Vyumba viwili viwe zoni moja pale tu vinapotazama upande mmoja, vinapotumika saa zilezile na vinapohitaji ubaridi uleule. Sharti moja likikosekana, vitenganishe.

Pima takriban mita 4.5 kutoka ukuta wa nje kuingia ndani. Huko ndiko jua la dirishani linakotawala. Jengo lile lina upana wa mita 12, kwa hiyo katikati zinabaki mita 3, yaani korido. Korido haina AC, basi iwe zoni yake isiyopozwa. Ukiiunganisha na vyumba, programu itaipoza na bili itavimba bure.

Ghorofa ya juu usiichanganye na ya chini. Nafasi kati ya dari na bati nayo ni zoni, tena ndiyo inayomwaga joto kichwani mwa watu mchana kutwa. Chumba cha seva, hata kikiwa kama stoo, kipe zoni yake, maana hakilali.

Hatua ya 2: Weka ratiba

Uliza mlinzi ofisi inafunguliwa na kufungwa saa ngapi. Anajua kuliko mkataba.

Hatua ya 3: Chagua mfumo uliopo kweli

EnergyPlus, programu ya kuiga joto na nishati ya majengo, ina mfumo wa kufikirika unaotoa ubaridi wowote unaotakiwa. Utumie kujua mzigo wa kila zoni, yaani joto linalopaswa kuondolewa, kisha ufute mfumo huo na kuweka AC halisi. AC ya ukutani ya BTU 12,000 hutoa kama kW 3.5 za ubaridi, na mzigo ukizidi hapo chumba kinapanda joto. Kwa ufanisi wa 3 (kW 3 za ubaridi kwa kila kW 1 ya umeme), inakula karibu kW 1.2 za umeme. AC hizi huzungusha hewa ileile ya chumbani. Hewa ya nje weka sifuri kwenye mfumo, uiingize kupitia madirisha na milango. Kupasha joto futa kabisa.

Hatua ya 4: Sahihisha mwinuko

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lilelile, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam, hivyo feni ileile inabeba joto pungufu.

Hatua ya 5: Kagua

Chora mzigo wa saa kwa saa kwa wiki moja ya Oktoba. Mashariki ipande asubuhi, magharibi alasiri. Mistari yote miwili ikipanda na kushuka pamoja, angalia kwanza mshale wa kaskazini kwenye mchoro.