Kuchunguza Hitilafu ya Sensa ya Joto katika Mota ya Gari la Umeme au Haibridi

Gari linapopungua nguvu ghafla huku taa ya onyo ikiwaka, na skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ikatoa msimbo P0A2A, ambao unahusu saketi ya sensa ya joto ya mota ya kuendeshea, fundi asikimbilie kuagiza sensa. Msimbo huo unaeleza tu kwamba kompyuta haiziamini taarifa inazopokea. Hauonyeshi kama kosa liko kwenye sensa, kwenye plagi, kwenye waya au kwenye kompyuta yenyewe. Katika mota nyingi sensa hufukiwa ndani ya koili za stata, sehemu ya mota isiyozunguka, na haiuzwi peke yake, kwa hiyo uamuzi wa pupa unaweza kumfanya mwenye gari alipie stata nzima bila sababu. Msimbo P0A2F ni jambo jingine, kwani unadai kwamba mota imepata joto kupita kiasi, na hapo kinachotangulia kukaguliwa ni mfumo wa kupoza: pampu, kiwango cha maji au mafuta, na hewa iliyonaswa ndani ya mabomba.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote hakihitaji kufungua hata skrubu moja. Gari liachwe usiku kucha bila kuendeshwa wala kuchajiwa, kisha asubuhi, kabla ya kuliwasha tayari kwa safari, zisomwe kwa skana halijoto za mota, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kuendeshea mota), maji ya kupozea na hewa ya nje. Zote zinapaswa kukaribiana kwa tofauti ya nyuzi chache tu. Sensa inayoonyesha nyuzi 70 wakati nyingine zote zinaonyesha 22 imejitaja yenyewe, au imeitaja saketi yake.

Kosa likiwa la kupindukia, upande lilikoelekea ni dalili. Mota nyingi hutumia thamista, sensa ambayo ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia mkondo wa umeme, hushuka joto linapopanda. Waya ukikatika, skana huonyesha baridi isiyowezekana, kama nyuzi 40 chini ya sifuri, na waya zikipiga shoti huonyesha joto la ajabu. Baadhi ya mota, hata hivyo, zina sensa ya platinamu aina ya PT1000, yenye omu 1,000 kwa nyuzi 0 na takriban omu 1,385 kwa nyuzi 100, ambayo ukinzani wake hupanda pamoja na joto, na hapo dalili hugeuka kinyume. Ni lazima kitabu cha ufundi cha gari husika kithibitishe aina ya sensa kabla ya kupima.

Kabla ya kugusa chochote karibu na nyaya za rangi ya chungwa, umeme wa volti za juu ukatwe kwa utaratibu wa mtengenezaji, fundi avae glavu za kuhami zilizokaguliwa, asubiri muda uliowekwa ili kapasita za inveta zipoteze chaji, kisha ahakikishe kwa mita inayostahili kwamba hakuna volti iliyobaki. Fundi asiyefunzwa kazi hiyo aishie kwenye skana.

Plagi ya sensa ikishachomolewa, pima ukinzani kati ya pini mbili za upande wa mota na ulinganishe na jedwali la mtengenezaji kwa halijoto ya wakati huo. Pima pia kati ya kila pini na bodi ya mota. Pasiwepo muunganiko wowote. Umeme wa volti 12 ukirudishwa, upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta kwa kawaida huonyesha volti zinazokaribia 5. Kama sensa ni thamista, usomaji wa skana unapaswa kuruka hadi baridi kali plagi ikiwa wazi, na hadi joto kali pini mbili za upande wa kompyuta zikiunganishwa kwa kipande cha waya. Usomaji ukifuata hivyo, waya na kompyuta ni vizima.

Hitilafu inayokuja na kutoweka ndiyo inayochosha, kwa sababu mota ikipoa kila kipimo huwa sahihi. Soma taarifa zilizohifadhiwa wakati msimbo ulipojitokeza, kisha rudia kupima ukinzani mota ikiwa bado ya moto huku ukitikisa waya taratibu. Kagua plagi kwa makini, utafute kutu, pini zilizolegea na mafuta yaliyopenya ndani. Ikiwa ukinzani unarukaruka hata kwenye pini za mota zenyewe, ndipo stata inapostahili kufunguliwa.