Darubini ya Bunduki: Kabla ya Kuuliza Inavuta Mara Ngapi

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, kibali cha silaha na uanachama wa klabu ya walenga shabaha havitamsumbua mtu aliyewahi kufuatilia kibali kama hicho nyumbani. Ninaandika kuhusu darubini, kwa kuwa ndiyo iliyoniumbua mbele ya watu.

Nilinunua darubini inayokuza mara 5 hadi 20 bila kuuliza alama zake za kulengea zimewekwa wapi. Zikiwa mbele, katika bapa la kwanza la fokasi (mahali pa kwanza ndani ya darubini taswira inapojikusanya), hukua na kupungua pamoja na taswira, kwa hiyo vipimo vyake ni sahihi katika kila ukuzaji. Zikiwa nyuma, katika bapa la pili, hubaki na ukubwa uleule, na vipimo vyake huwa sahihi katika ukuzaji mmoja tu, ambao mara nyingi ni ule wa juu kabisa. Zangu zilikuwa nyuma. Katika shabaha ya mita 500 nilishusha ukuzaji hadi 10, kwa sababu joto lilikuwa likitetemesha taswira, kisha nikalenga juu kwa alama mbili za miliradiani, yaani kipimo kidogo cha pembe. Kumbe kila alama ilikuwa imebeba thamani maradufu. Miliradiani moja kwa umbali ule ni sentimita 50, hivyo risasi zangu zilipita mita nzima juu ya shabaha, nami nikalaumu upepo, risasi, hata bega langu. Wenyeji walijua kosa na wakanyamaza, maana huku hawamkosoi asiyeuliza. Mimi naiona ni adabu yenye ubahili.

Kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa: bapa la kwanza au la pili? Mwindaji wa msituni, anayepiga karibu, hufaidika na la pili, kwa kuwa alama zake hazikondi ukuzaji ukiwa mdogo. Anayepiga mbali kwa kutumia alama achukue la kwanza. Lakini ulizeni. Ulizeni pia kama alama na vifundo vya kurekebishia vinatumia kipimo kimoja, kwani vingine hutumia dakika za pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii, na miliradiani moja ni takriban dakika 3.44, na hakuna mnyama atakayesubiri umalize hesabu hiyo.

Jamaa zetu huuliza jambo moja tu: inavuta mara ngapi? Wapendwa, gawanyeni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 50 kwa ukuzaji wa 25 huleta jichoni mwali wa mwanga wenye upana wa milimita 2, ambao jua likizama hauonyeshi kitu. Kwa ukuzaji wa 10 mwali ni milimita 5. Na mnaoagiza "niletee moja ukija" mtusamehe: aliyeko Marekani huhitaji leseni ya serikali kumpelekea jamaa darubini ya bunduki Afrika Mashariki, hata ikiwa ndani ya begi la nguo.

Pete za kufungia zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, na paralaksi, yaani alama kuonekana kuhama juu ya shabaha jicho likisogea, irekebishwe kwa umbali husika. Kisha chora mstari wima wa mita moja, usimamishe karatasi mita 100, lenga ncha ya chini ya mstari na uzungushe kifundo cha kupandisha miliradiani 10. Ukilenga palepale na risasi isitue kwenye ncha ya juu ya mstari, irudishe darubini dukani ungali na risiti.